Kujaribu Ubuntu Kabla Haijatolewa: Mwongozo kwa Wakazi wa Kathiani

Mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema hata mvua ikikatika, hayakufika kwa wakulima wa Ukambani kwa siku moja. Yalipandwa kwanza kwenye vishamba vya majaribio, na watu wakaandika yalivyofanya. Mfumo endeshi wa kompyuta hupitia njia hiyo hiyo, ila shamba la majaribio linaweza kuwa kipakatalishi kikuukuu kilichowekwa juu ya kabati huko Mitaboni au Kaani.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamsha kompyuta na kuongoza programu nyingine zote. Ubuntu ni mfumo huria: yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza na kuurekebisha bila kulipa. Ulianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, juu ya msingi wa Linux. Toleo jipya hutoka kila Aprili na Oktoba, na namba yake ni mwaka na mwezi: 24.04 ni la Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili hutoka toleo la muda mrefu linalohudumiwa kwa miaka 5.

Watengenezaji hawana kila aina ya kompyuta mezani pao. Kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa Machakos mjini huenda ina kifaa cha Wi-Fi ambacho hakuna aliyekijaribu. Hitilafu isiporipotiwa mapema, toleo hutoka nayo. Jambo hili lina uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11, na wenye mashine hizo watahitaji mfumo mwingine unaofanya kazi.

Anayeanza asitumie kompyuta yenye hesabu za chama au kazi za shule ambazo hazina nakala kwingine. Toleo la majaribio linaweza kufuta diski nzima, na hakuna wa kulipia hasara hiyo. Akiwa na flashi ya GB 8 au zaidi, anaweza kuwasha kompyuta kupitia flashi hiyo na kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Hapo diski haiguswi mradi hajaanza usakinishaji wala kuyafungua mafaili yake. Njia ya pili ni VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta halisi. Ni salama, lakini haiwezi kuonyesha kama Wi-Fi au spika za mashine yenyewe zinafanya kazi, na mara nyingi hayo ndiyo yanayotakiwa kujulikana.

Gharama kubwa ni bando. Faili la Ubuntu ya kawaida hukaribia GB 6, na wakati wa majaribio faili jipya hutengenezwa karibu kila siku. Programu iitwayo zsync hupakua sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo faili la jana lisifutwe. Baada ya kupakua, alinganishe alama ya uhakiki ya faili kwa amri ya sha256sum. Faili lililoharibika njiani huleta matatizo yanayofanana kabisa na hitilafu ya mfumo, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akifukuza kivuli. Stima zikipotea katikati ya usakinishaji, hiyo pia si hitilafu, aanze upya.

Kazi yenyewe hufanywa kwenye tovuti ya majaribio ya Ubuntu, baada ya kufungua akaunti ya Launchpad bila malipo. Kila jaribio lina hatua zilizoandikwa. Mjaribu huzifuata, kisha hueleza kama limefaulu au limeshindwa. Ripoti ya kufaulu nayo ina faida, kwa kuwa inaonyesha mashine ambazo mfumo umezikubali.

Ripoti isemayo “Ubuntu haifanyi kazi” haimsaidii mtu. Inayofaa hutaja aina ya mashine, tarehe ya faili, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Kwa mfano: baada ya kufunga na kufungua kifuniko cha kipakatalishi, sauti haitoki, jambo hilo limerudiwa mara tatu na kutokea mara zote. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na sentensi fupi zinatosha. Amri ya ubuntu-bug hukusanya taarifa za mashine na kuziambatisha. Kwa kuwa ripoti nyingi husomwa na umma, mjaribu akague kwanza kama kuna jina la mtu au nywila ndani yake. Akikuta hitilafu hiyo imeripotiwa tayari, aongeze kwamba imemtokea yeye pia badala ya kufungua nyingine.

Asiyependa mambo ya vifaa anaweza kukagua Kiswahili. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ya Ubuntu bado haijakamilika, na neno lisiloeleweka kwenye menyu ni hitilafu kama nyingine.

Kazi hii haina mshahara, wala haina ada ya kujiunga. Anayeombwa kutuma pesa kwa M-Pesa ili asajiliwe ajue anatapeliwa.

Ripoti inaweza kukaa wiki kadhaa bila jibu. Mtengenezaji akiomba ijaribiwe tena kwa faili jipya, mjaribu arudie hatua zile zile kwenye mashine ile ile, kisha aandike matokeo.