Kupiga Picha Majimoto ya Bogoria kwa Karibu

Kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo, maji hutoka ardhini yakichemka. Mahali pale pana mwinuko wa karibu mita 1,000, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na hata mvuke wake unaunguza. Ukaribu wa picha utafute kwenye lenzi. Miguu ikae mbali.

Hatua ya 1: Uliza langoni. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakafunika baadhi ya chemchemi na vipande vya barabara. Askari wa hifadhi ndio wanaojua zipi zinaonekana na njia ipi inapitika.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama. Usiuamini ukoko mweupe unaozunguka chemchemi. Kingo huweza kuliwa kwa chini, juu pakabaki gamba jembamba lisilohimili mtu. Pita palipokanyagwa, upepo uwe mgongoni, watoto washikwe mkono. Kama picha haipatikani bila kuukanyaga ukoko huo, iache. Lenzi ya milimita 200 hadi 400 inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Fika alfajiri. Hewa ikiwa baridi mvuke huwa mzito. Ifikapo saa sita mchana, joto la Baringo limeshaufifisha. Jua huchomoza ng'ambo ya ziwa, juu ya miinuko ya Siracho, hivyo ukiangalia ziwani mwanga unaupenya mvuke kutoka nyuma. Weupe mwingi huidanganya kamera, na picha hutoka ya kijivu. Ongeza mwangaza, anza na +0.7.

Hatua ya 4: Lisubiri povu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na wengi huharibu kwa haraka. Tazama dimbwi moja kwa dakika kadhaa. Mara nyingi mapovu hupanda kwenye tundu lilelile: maji yanaumuka, ngozi yake inavutika mpaka inang'aa, kisha inapasuka na kurusha matone pembeni. Zima fokasi ya otomatiki, maana mvuke huihangaisha, ulenge tundu hilo kwa mkono. Weka shata 1/1000 au kasi zaidi, f/8, ISO ipande inavyohitaji. Anza kupiga mfululizo maji yanapoumuka. Ukingoja mpasuko wenyewe umeshachelewa. Kwenye simu, bonyeza kioo kwa muda hadi fokasi ijifunge.

Mbinu ni hiyohiyo kwa matope yanayotokota, kama yale ya Rotorua, New Zealand, ila tope zito hupasuka polepole na 1/500 yaweza kutosha. Kwenye tope, vua filta ya polaraiza, kwa kuwa mng'ao ndio unaoonyesha umbo lake. Bogoria ivae: huondoa mng'ao juu ya maji, na rangi za kijani na chungwa za vijidudu vinavyoishi humo zikajitokeza vizuri.

Hatua ya 5: Linda kioo. Matone yana magadi na silika. Yakikauka kwenye lenzi huacha madoa magumu. Funga filta ya kawaida mbele, na usibadilishe lenzi mvukeni. Doa lisisuguliwe kavu: lilainishe kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kausha. Jioni fungua viungo vya tripodi uvifute kwa maji safi pia, kwani magadi hula skrubu.