Taa ya bafu dogo

Swali: Bafu letu ni dogo, halina dirisha, na taa moja ya darini hunitia kivuli usoni ninaponyoa ndevu. Nifunge taa gani?

Jibu: Kivuli hicho huletwa na mwanga unaoshuka toka juu tu. Funga taa mbili nyembamba za LED, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso. Chagua za kelvini 3000 hadi 4000, si zile nyeupe zinazoelekea ubuluu. Ya darini ibaki. Ninalolisisitiza zaidi ni maji: karibu na shawa tafuta taa yenye alama ya kinga dhidi ya maji ya IP65; penye kioo, IP44 inatosha. Swichi ikae nje ya mlango, na nyaya zifungwe na fundi umeme mwenye leseni.