Rubani Aliye Chini ya Maji: Maswali na Majibu juu ya Uokozi katika Mbio za Motaboti

Mbio za motaboti hutazamwa na watu wengi kwa ajili ya kasi yake, na mazungumzo juu yake aghalabu huishia kwa mshindi na mtambo wake. Lakini upande mmoja wa mchezo huu, upande wa watu wanaongoja ndani ya mashua ndogo kando ya njia ya mbio, wamevaa mavazi ya kuzamia na macho yao hayabanduki majini, hautajwi ila siku ya msiba. Wasomaji wametuletea maswali juu ya upande huo, na majibu yafuatayo yametolewa kwa itikadi moja: kwamba katika mbio hizi kishindo cha ajali ni nusu tu ya hatari, na nusu iliyosalia ni maji yenyewe, ambayo hayana haja ya kasi ili yamuue mtu.

Swali: Maji huonekana shwari, na chombo hukimbia sawasawa. Mbona ghafla kinanyanyuka na kupinduka?

Jibu: Kwa sababu chombo cha mbio, kikiisha kushika kasi, hakielei tena kama vieleavyo vyombo vingine, bali hugusa maji kwa sehemu ndogo sana ya tumbo lake na kwa rafadha yake, na mwili wake uliosalia huchukuliwa na hewa ipitayo chini yake. Hewa hiyo ndiyo impayo rubani kasi, maana hupunguza msuguano wa maji, na hewa hiyo hiyo ndiyo imtiayo hatarini, kwani omo ikiinuka kidogo kupita kiasi, upepo hupata eneo kubwa zaidi la kusukuma, omo huzidi kuinuka, na chombo hupaa na kupindukia nyuma kama tiara iliyokutana na upepo mkali, kabla rubani hajawahi kupunguza mafuta.

Kinachotosha kuanzisha balaa hiyo ni viwimbi ambavyo mvuvi katika ngalawa yake asingevijali. John Cobb, akiwania rekodi ya kasi ya majini, alikufa katika ziwa la Loch Ness, Uskochi, tarehe 29 Septemba 1952, akienda kwa kasi iliyopita kilomita 320 kwa saa, na inaaminiwa ya kuwa chombo chake kilikutana na mawimbi yaliyoachwa na mashua ya wasaidizi wake mwenyewe. Donald Campbell, naye akiwania rekodi hiyo tarehe 4 Januari 1967 katika ziwa la Coniston, Uingereza, alikwenda mkondo wa kwanza salama, kisha akageuka na kurudi bila kungoja maji yatulie, na Bluebird yake ikapaa na kupinduka kwa kasi iliyopita kilomita 480 kwa saa. Mawimbi yale ya mkondo wa kwanza hutajwa mara nyingi miongoni mwa sababu. Didier Pironi, aliyepata kuwa dereva wa Ferrari, aliangamia pamoja na wenzake wawili karibu na kisiwa cha Wight tarehe 23 Agosti 1987, walipoyakata mawimbi ya meli ya mafuta iliyokuwa ikipita.

Na ijulikane ya kuwa nguvu ya kishindo haizidi sambamba na kasi, bali huzidi kwa mraba wake: chombo kiendacho kilomita 200 kwa saa hubeba nguvu mara 4, wala si mara 2, ya kile kiendacho kilomita 100. Maji nayo ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa, na kwa muda mfupi kama ule hayawezi kumpisha mtu njia.

Swali: Nimesikia kwamba marubani wa zamani hawakutaka kufungwa mikanda. Ulikuwa ushujaa au ujinga?

Jibu: Haukuwa ushujaa wala ujinga, ilikuwa ni hesabu, na kwa zama zao ilikuwa hesabu yenye maana. Chombo kilikuwa wazi, kikivunjika kilivunjika vipande vipande, na mtu aliyefungwa ndani yake alishuka pamoja nacho mpaka chini. Aliyerushwa nje, kinyume chake, huenda jaketi lake likamweka juu ya maji mpaka afikiwe. Kwa hiyo walichagua kurushwa.

Lakini tazama matokeo yake. Tarehe 13 Juni 1930, katika ziwa la Windermere, Sir Henry Segrave, akiisha kuvunja rekodi ya dunia kwa kasi ya karibu kilomita 159 kwa saa, alipata ajali na Miss England II, ambayo yadhaniwa iligonga gogo lililokuwa likielea. Segrave alitolewa majini hajitambui, akarejewa na fahamu kwa muda mfupi, akauliza habari za wenzake, akafariki siku ile ile, Halliwell, mhandisi wa Rolls-Royce, alifia majini, na mwenzao wa tatu, Willcocks, akaokoka. Watu watatu walikuwa katika chombo kimoja na kishindo kimoja, na kila mmoja akapata ajali yake mbali na mwenziwe. Kurushwa nje kulikuwa ni bahati nasibu, na haifai roho ya mtu kuchezewa bahati nasibu.

Wamarekani waliendelea na hesabu hiyo kwa miaka mingi, na malipo yake yalikuwa mazito. Tarehe 19 Juni 1966, katika mto Potomac mjini Washington, marubani watatu, Ron Musson, Rex Manchester na Don Wilson, walikufa siku moja katika mashindano mamoja, na majuma mawili baadaye Chuck Thompson akafa huko Detroit. Bill Muncey, aliyekuwa na ushindi 62 na ambaye wengi walimhesabu kuwa bingwa wa mabingwa, alikufa Acapulco, Mexico, mwezi wa Oktoba 1981, chombo chake kilipopindukia nyuma naye akiongoza. Na mwaka uliofuata mpinzani wake mkubwa, Dean Chenoweth, akafa kwa ajali ya namna ile ile. Hapo ndipo fikra ilipogeuka. Mwaka 1986 mashua ya mbio iitwayo Miss Budweiser iliingia majini na kifuniko cha ndege ya vita ya F-16 juu ya kichwa cha rubani, naye amefungwa mikanda barabara katika chumba imara, na baada ya miaka michache jambo hilo likawa sharti kwa wote. Huko Ulaya nako, katika miaka hiyo hiyo ya themanini, mafundi wa mashua za Formula 1 walikuwa wakijenga chumba cha rubani cha nyuzi ngumu kisichovunjika hata chombo kizima kikivunjika.

Swali: Basi chumba hicho kilimaliza vifo?

Jibu: La hasha. Kilivipunguza sana, na kila aliyefanya kazi hiyo astahili shukrani ya vizazi; lakini hatari haikuondolewa, ilihamishwa. Zamani mtu aliuawa na kishindo hali yu nje ya chombo. Leo hunusurika na kishindo, kisha akajikuta yu ndani ya chumba kilichofungwa, kichwa chini miguu juu, gizani, maji yakimpanda usoni, na mikanda ile ile iliyomwokoa sasa ndiyo imzuiayo kutoka. Tarehe 11 Desemba 2009, katika mashindano ya Dubai, Mohammed Al Mehairi na Jean-Marc Sanchez wa timu ya Victory walikufa ingawa chombo chao kilikuwa na kifuniko, kikosi chao kilikuwa miongoni mwa vilivyo bora duniani, na pwani ilikuwa karibu.

Kwa sababu hiyo chumba cha rubani peke yake si salama mpaka kiwe na mambo mengine pamoja nacho. Pawe na chupa ya hewa na kinyago, ili rubani apumue chini ya maji hata asipofikiwa upesi. Mashua zenye matumbo mawili ziwe na mlango wa chini, kwa maana zikipinduka chini ndiko huwa juu. Mashua za Formula 1 zina mfuko wa hewa unaofura wenyewe nyuma ya kichwa cha rubani, ili chumba kisizame mzima mzima. Shingo nayo ifungwe kwa kizuizi kile alichokibuni Robert Hubbard pamoja na Jim Downing, ambacho kilianzia katika magari na sasa kinawalinda watu wa majini, kwani mwili uliofungwa husimama ghafla na kichwa hutaka kuendelea na safari.

Juu ya hayo yote liko zoezi, nami naliona kuwa bora kuliko kila chombo nilichokitaja. Chama cha kimataifa cha motaboti, UIM, hakimruhusu rubani wa chumba kilichofunikwa kushindana asipofaulu jaribio la kuzamishwa: hufungwa mikanda katika chumba cha mfano, chumba hupinduliwa ndani ya bwawa, naye hutakiwa atulie, aweke mkono mmoja mahali anapopajua, afungue mkanda kwa mkono wa pili, atoke. Mkono ule usibanduke, kwa kuwa mtu aliyepinduliwa hupoteza upande wa juu na wa chini, kulia na kushoto, na macho hayamsaidii. Wazee wetu walisema mfa maji hakosi kutapatapa. Zoezi hili lote lina makusudi ya kumwondolea mtu kule kutapatapa, na si jambo linalofundishika kwa maneno.

Swali: Waokozi wanapofika, huanza na lipi?

Jibu: Kazi yao huanza kabla ya ajali. Waokozi hodari hawakai pwani. Hukaa juu ya maji, injini zikinguruma, wamegawanywa hivi kwamba hapana pembe ya njia iliyo mbali na mmoja wao, na wazamiaji wamekwisha vaa kila kitu isipokuwa kinyago. Katika mbio za baharini, ambako njia ni ndefu, helikopta hufuata juu na mzamiaji ameketi mlangoni. Bendera nyekundu ikipandishwa, vyombo vyote husimama, si kwa heshima peke yake, bali kwa kuwa mawimbi ya wapitao yanaweza kumzamisha aliyepinduka.

Haraka hiyo ina sababu. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya takriban dakika 4 hadi 6, na katika dakika hizo zimo za kuona, za kufika, za kuingia, za kufungua na za kutoa. Mwokozi hukaribia kwa namna ya kutomsukumia majeruhi mawimbi, huiondoa rafadha katika kazi kabla hajafika karibu na watu, na mzamiaji wa kwanza huingia chumbani kutafuta jambo moja tu: je, anapumua? Kama rubani ana kinyago mdomoni na anajibu akiguswa, basi muda upo, na shingo yake itatendewa kwa uangalifu wote. Kama hapumui, pumzi hutangulia mbele ya shingo, mbele ya mfupa uliovunjika, mbele ya kila kitu, kwa maana shingo iliyohifadhiwa haimfai maiti.

Akiisha kufikishwa juu, hanyanyuliwi kwa mikono na mabega kama gunia; mashua zilizoundwa kwa kazi hii zina jukwaa linaloshuka hadi usawa wa maji, na machela huelea mpaka juu yake. Helmeti huvuliwa na watu wawili, mmoja akiishika shingo na mwingine akivuta. Aliyekufa maji, moyo umesimama kwa kukosa pumzi, hupewa pumzi kwanza kabla ya kubonyezwa kifua; miongozo ya Ulaya hutaka pumzi 5 za mwanzo. Na kama chombo kilikuwa cha watu wawili, asithubutu mtu kusema kazi imekwisha mpaka wawili wamehesabiwa.

Swali: Sisi hatuna mbio hizo kwa wingi. Je, maarifa haya yana faida gani kwetu?

Jibu: Chombo kilichopinduka ni chombo kilichopinduka, kiwe cha tajiri wa Monaco au feri ya wachuuzi wa ndizi. MV Bukoba ilipolala tumbo juu karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikuwamo ndani watu waliokuwa wakigonga bodi kutaka msaada. Bodi ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikikibeba chombo ikatoka, na chombo kikazama pamoja nao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nia ilikuwa njema kabisa, na mikono ile ilikuwa ya watu wenye huruma, lakini hapakuwapo elimu ya kwamba hewa iliyonaswa ni pumzi ya waliomo na ni boya la chombo kwa wakati mmoja. Na MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mtu mmoja alitolewa hai siku ya pili baada ya ile ya ajali, kwa kuwa alikuwa amepata mahali penye hewa ndani ya chombo, na wazamiaji walimfuata kwa kupita majini. Mzamiaji anayezoea kuingia katika chumba cha rubani kilichopinduka hufanya kazi ile ile. Tofauti ni ukubwa wa chumba na idadi ya roho.

Swali: Mwandaaji mwenye fedha kidogo apunguze nini?

Jibu: Apunguze zawadi. Apunguze ngoma na mabango. Asipoweza kuweka wazamiaji, tabibu na mashua za kutosha, asianzishe mbio.

Swali: Rubani aliyetoka mwenyewe, akasimama juu ya chombo chake na kuwapungia watu mkono, naye apelekwe kwa tabibu?

Jibu: Naam, na asiulizwe kama anapenda. Maji kidogo yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea dhiki ya pumzi baada ya saa kadhaa, naye amekwisha rudi hotelini na wenziwe wamelala. Na mtu aliyepigwa kichwa huweza kuzungumza vizuri, kucheka, hata kueleza ajali yake, kisha asikumbuke kesho kwamba aliieleza. Leseni yake ishikwe mpaka tabibu atie sahihi. Na helmeti yake iende pamoja naye hospitali, isibaki kwa mafundi wala kwa wapenda kumbukumbu, maana palipo na ufa ndipo tabibu atakapojua pigo liliangukia wapi.