Ngoma ya Ikulu na Sifa za Mashahidi

Wazazi wakaao Tandale wana swali ambalo si la kijinga, wala hatutamkemea aliulizaye. Usiku wa Jumamosi ngoma ya harusi hulia uchochoroni mpaka alfajiri, na singeli juu yake; asubuhi, kanisani, ngoma yalia tena karibu na altare. Je, chombo kilichochezesha viuno usiku chawezaje kumsifu Mungu mchana?

Kabla ya kujibu, na tuwatazame jirani zetu. Tarehe 18 Oktoba 1964, mjini Roma, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Joseph Kyagambiddwa, Mganda na bingwa wa muziki, aliwatungia oratorio mwaka huo huo. Oratorio ni masimulizi matakatifu yanayoimbwa na kwaya pamoja na vyombo, bila maigizo. Wazungu huitungia vinanda vya nyuzi na tarumbeta. Yeye alifuata muziki wa Kiganda, wenye ngoma na marimba, ambao alikwisha kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1955.

Muziki huo ulistawi hasa ikuluni kwa Kabaka. Zile ngoma ziitwazo entenga, 12 zilizolinganishwa sauti pamoja na 3 za kutia mapigo, zilikuwa mali ya mfalme. Amadinda ni marimba ya mbao 12, nayo hutaka wapigaji watatu: wa kwanza huanza, wa pili hutia sauti zake katika nafasi alizoacha mwenziwe, na wa tatu huokota wimbo kwa mbao mbili za juu. Asikilizaye husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupiga peke yake.

Basi ilikuwa ikulu hiyo hiyo, ya Kabaka Mwanga, iliyotoa amri ya kuwaua waamini kati ya mwaka 1885 na 1887. Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikuwa mkuu wa vijana watumishi humo. Kyagambiddwa angaliweza kuuchukia muziki wa nyumba iliyowahukumu. Hakuuchukia, aliupa kazi ya kuwasifu.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila pigo lafaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, wataka chombo kifae kwa matumizi matakatifu, kipatane na heshima ya hekalu, na kiwajenge waamini. Ngoma inayofunika maneno ya zaburi haimjengi mtu. Lakini hata kinanda cha umeme chenye mapigo ya kiwandani hakimjengi, ingawa (twasema kwa masikitiko) hicho hakuna mzazi anayekilalamikia.

Sikukuu ya Mashahidi ni tarehe 3 Juni. Kwaya ikitaka kujaribu, na ianze kwa ngoma mbili tu, maneno yasikike mpaka benchi la nyuma, na kile kinanda kizimwe.