Mota mpya, shafti ya zamani

Kwa miaka mingi mashine yangu ya kusaga hapa Dranya, wilaya ya Koboko, ilizungushwa na injini ya dizeli aina ya Lister: nguvu za farasi 8, mizunguko 850 kwa dakika, na mlio uliofika mbali. Akina mama waliokuwa na mihogo mikavu nyumbani walijua kwa sauti tu kama leo kuna kusaga. Mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ulifika kanda yetu ya West Nile kwa laini kubwa inayotoka Kole, ikipita Gulu na Nebbi hadi Arua. Nami nikaamua kuachana na dizeli. Nilinunua mota ya fezi tatu, nguvu za farasi 10, nikiamini kwamba kilichobaki ni kuifunga tu. Haikuwa hivyo; haya ndiyo niliyojifunza.

1. Puli hupimwa kabla mota haijanunuliwa

Injini ilikuwa na puli ya inchi 14, na shafti inayobeba nyundo za kusagia ina puli ya inchi 4. Zidisha 850 kwa 14, gawanya kwa 4: nyundo zilikuwa zikizunguka mara 2,975 kwa dakika. Mota yangu yenyewe huzunguka 1,440. Fundi wa kwanza alitaka kuihamishia ile puli kubwa kwenye mota, maana ilikuwa nzima na mikanda yake ipo. Nikamwomba tukae chini na kalamu. Hesabu ilileta 5,040.

Mwendo huo haukufika hata mara mbili ya ule wa zamani, lakini nguvu inayozivuta nyundo zitoke nje hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ingekaribia mara tatu. Nyundo moja iking'oka inaweza kupasua ganda la mashine, na mbele ya ganda hilo ndipo watu husimama na mabeseni yao, wengine na watoto mgongoni. Nilipata Arua puli ya inchi 8. Inatoa 2,880, na unga ukatoka laini kama zamani.

2. Mota haipigwi hendeli

Hili ndilo ninalowaambia wenzangu kwanza, hata kabla ya hesabu. Injini ya dizeli kama ile yangu haiwaki yenyewe. Lazima mtu aizungushe kwa hendeli, na kila aliye karibu anamwona. Mota niliyofungiwa mwanzoni iliwashwa kwa swichi ya kawaida ya mkono. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi. Kijana wangu akafungua ganda abadilishe chekeche, na swichi ikabaki palepale imewashwa. Alikuwa amegeuka kuchukua spana umeme uliporudi. Nyundo zikaanza kuzunguka ganda likiwa wazi.

Hakuumia. Sikusaga tena siku ile wala iliyofuata, mpaka nilipopata stata yenye kontakta na vibonye viwili. Umeme ukikatika, kontakta huachia, na ukirudi mashine hukaa kimya mpaka mtu abonyeze. Hata hivyo tumeweka sheria: anayefungua ganda huzima swichi kuu, huweka kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe.

3. Kibati cha mota hakibishaniwi

Kibati cha vipimo kwenye mota yangu kinasema ampea 15. Rilei ya kulinda mota ilikuwa ikikata mara kwa mara, na fundi mmoja akaipandisha hadi 25 "ili isisumbue". Haikusumbua tena. Baadaye, siku ya mvua, fezi moja ikapotea. Mota ikaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikinguruma, na sisi tukadhani ni mtama mbichi unaoilemea. Moshi ndio uliotuzindua. Ilibidi ipelekwe Arua kusukwa upya, na kwa siku zote hizo majirani walibeba mizigo yao kwenda mbali kusaga. Sasa rilei iko 15, na kando yake ipo nyingine inayokata fezi moja ikikosekana. Na sababu ya ile rilei ya kwanza kukata mwanzoni? Tulikuwa tukiwasha mashine ikiwa na nafaka ndani.

4. Draivu si puli

Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta ampea mara sita au zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi, na taa za jirani hufifia. Kwa hiyo niliongeza draivu, kile kisanduku kinachopandisha mwendo polepole. Kuanzia sifuri hadi mwendo kamili huchukua sekunde 10, na mikanda haipigi tena kelele.

Kosa langu lilikuwa kutaka kuitumia pia kupunguza mwendo wakati wa kusaga. Niliishusha hadi hezi 30. Mwendo ukishuka, nguvu ya mota nayo hushuka, nyundo hupoteza pigo, na feni iliyo kwenye shafti hiyohiyo haina upepo wa kusukuma unga. Mihogo ikajaa ndani, chekeche likaziba. Tangu hapo mwendo wa kusagia naupanga kwa puli, na draivu naiachia kuwasha na kuzima. Nimeihamishia chumba cha pili, kwa sababu unga wa muhogo huingia kwenye feni yake ndogo, na draivu hupata moto.

5. Izungushe bila mkanda kwanza

Mota ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu zinazoingia kwenye mota. Hapo ndipo ufunge mkanda.

6. Ukimya husema

Mlio wa injini ulikuwa ukificha mengi. Wiki ya kwanza ya mota nilisikia mkwaruzo ambao sikuwahi kuusikia: beringi ya shafti, upande wa puli, imekwisha, na sijui kwa muda gani tumekuwa tukisaga nayo hivyo. Nimeibadilisha pamoja na mwenzake. Sasa kila asubuhi, kabla ya kumimina beseni la kwanza, naiacha mashine izunguke tupu, nainama karibu na shafti, nasikiliza.