Usukani Uliolegea Kwenye Matrekta ya Zamani: Kagua Kabla ya Mvua za Vuli

Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa nyanda za chini za Kaunti ya Taita Taveta. Katika Kishushe, siku chache za kulima kabla ya mahindi, kunde na ndengu kupandwa huamua mavuno ya msimu mzima. Trekta moja hulimia familia nyingi kwa zamu. Likiharibika wiki hiyo, wote walio kwenye foleni huchelewa.

Sehemu inayosahaulika mara nyingi ni ekseli ya mbele na vyuma vya usukani. Mafunzo haya yanaeleza jinsi ya kujua kilicholegea kabla ya kununua kipuri chochote, kwa maana wengi hununua boljointi wakati tatizo ni bushi, kisha usukani unabaki vilevile.

Kwa nini vyuma hivi huchakaa

Matrekta kama Massey Ferguson 35, la tangu miaka ya 1950, na Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, bado yanafanya kazi katika mashamba mengi ya Kenya. Muundo wake wa mbele ni rahisi. Ekseli imeshikwa katikati na pini moja kubwa, ili magurudumu yapande na kushuka kufuata ardhi. Kila mwisho wa ekseli una kingpini inayozunguka ndani ya bushi. Usukani hugeuza kingpini hizo kupitia rodi zenye boljointi.

Adui wake mkubwa ni vumbi. Likichanganyika na grisi iliyozeeka, hugeuka kuwa kama msasa na kula chuma pole pole. Barabara za mawe na trela nzito huongeza kasi ya uchakavu.

Kutafuta ulegevu ulipo

Trekta liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Kazi hii inahitaji watu wawili.

1. *Rodi na boljointi.* Mtu mmoja auzungushe usukani kidogo kushoto na kulia. Mwingine atazame kila kiungo, kuanzia boksi ya steringi hadi kwenye gurudumu. Pale ambapo chuma kimoja kinasogea na kinachofuata kimetulia, ndipo penye ulegevu.

2. *Beringi na kingpini.* Upande mmoja wa ekseli uinuliwe kwa jeki, kisha ushikiliwe na stendi imara au gogo nene, si mawe yaliyopangwa. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza huku kingpini imetulia, beringi imelegea. Kingpini yenyewe ikicheza ndani ya ekseli, bushi zimekwisha.

3. *Pini ya katikati.* Mbele ya trekta inuliwe kutoka chini ya kiti cha ekseli, si chini ya ekseli yenyewe, na iwekewe stendi. Ekseli isukumwe kwa mtaimbo mbele na nyuma, juu na chini. Mgongano unaosikika ni dalili ya pini au bushi iliyolika.

4. *Boksi ya steringi.* Hii ikaguliwe mwisho. Kwanza oili yake itazamwe, kwa kuwa boksi kavu hujila yenyewe. Boksi isikazwe ili kuficha ulegevu wa vyuma vingine, kwani itakuwa ngumu kwenye kona na meno yake yataharibika.

Kurekebisha

*Beringi za magurudumu.* Kifuniko kitolewe, na beringi zioshwe na kukaguliwa. Zikiwa hazina alama za kuliwa, zipakwe grisi mpya. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa mpaka lianze kuwa zito, kisha irudishwe nyuma kidogo hadi tundu la splitpini lilingane. Splitpini iwe mpya kila mara.

*Bushi na kingpini.* Kabla ya kufungua, alama ipigwe kwa tindo kwenye kingpini na kwenye mkono wake wa juu, ili virudi jinsi vilivyokuwa. Bushi za zamani zitolewe kwa kipande cha chuma kinachoenea tundu, na mpya ziingizwe zikiwa zimenyooka. Tundu la grisi la bushi lazima lilingane na lile la ekseli. Lisipolingana, bushi itakauka na kuisha upesi. Kingpini nayo ipimwe kwa kalipa, juu na chini. Bushi mpya kwenye kingpini iliyolika ni pesa zilizopotea.

*Tundu lililopanuka.* Kama tundu la ekseli au la pini ya katikati limekuwa na umbo la yai, ekseli ipelekwe kwa fundi mwenye mashine, alitoboe upya na kuingiza bushi ya kipimo chake.

*Boljointi.* Hazirekebishwi, hubadilishwa. Urefu wa rodi upimwe kabla ya kufungua. Boljointi iliyoganda hutoka kwa kugonga ubavu wa tundu lake kwa nyundo mbili kwa pamoja, si kwa kupiga ncha ya skrubu.

Kingpini, mikono ya usukani na rodi zisichomelewe. Joto hubadilisha ugumu wa chuma kando ya mchomeleo, na chuma hicho huweza kukatika ghafla, gurudumu likageukia kusikotakiwa. Kwenye mteremko, trela likisukuma kutoka nyuma, dereva hana nafasi ya kujiokoa.

Kupima magurudumu

Baada ya matengenezo, magurudumu yaelekezwe mbele. Umbali kati ya rimu mbili upimwe mbele na nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Kwa mengi ya matrekta haya, mbele hupaswa kuwa sawa na nyuma au pungufu kwa hadi milimita 6. Kama kila upande una rodi yake, zote mbili zirekebishwe kwa kiasi sawa. Tairi za mbele zinazoisha upande mmoja ni ishara kwamba kipimo hiki kimepotea.

Sheria na utunzaji

Trekta linaloingia barabarani ni gari kama mengine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka kila gari litunzwe ili lisihatarishe watumiaji wa barabara wala waliomo ndani yake.

Utunzaji wenyewe ni wa gharama ndogo. Nipo za grisi zifutwe vumbi kwanza, kisha zipigwe grisi kila siku ya kazi, mpaka grisi safi itokee pembeni. Nipo iliyoziba ibadilishwe siku hiyo hiyo. Splitpini na nati zitazamwe kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa.

Ukaguzi ufanywe Agosti au Septemba, ili kipuri kisichopatikana karibu kiagizwe mapema na bushi zitengenezwe kabla mafundi hawajaelemewa na kazi.