SOMO LA AFYA: MKONO ULIOLEGEA KWA KIHARUSI USIACHWE BILA KAZI

Kiharusi hutokea mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au kupasuka. Mkono ulioshika jembe au kuchuma zabibu jana, leo hulala tu. Ndugu msomaji, mkono huo haukufa. Mara nyingi misuli na mifupa yake ni mizima. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayouamuru.

Ugonjwa huu upo nchini mwetu. Utafiti uliofanyika mwaka 2003 hadi 2006 katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulibaini matukio 636 ya kiharusi.

Mgonjwa anaporejea nyumbani, ndugu humlisha, humvika na kumfanyia kila jambo. Ni upendo, lakini una hasara. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, alionesha kuwa kiungo kisichotumika hujifunza kutotumika. Mgonjwa hujaribu, hushindwa, kisha huhamishia kazi zote mkono mzima. Baadaye, hata nguvu kidogo inaporudi, mkono ule hauitwi tena kazini.

Kutokana na hoja hiyo, wataalamu wa Marekani waliwachunguza watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Kundi moja lilivaa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki 2, huku mkono dhaifu ukifanyishwa mazoezi kwa saa nyingi kila siku ya kazi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionesha kuwa kundi hilo lilipata nafuu zaidi ya lile lililopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilidumu hata baada ya mwaka 1.

Njia hiyo huwafaa wale ambao kifundo cha mkono na vidole vyao vinacheza walau kidogo. Hivyo, mkono mzima usifungwe bila ushauri wa mtaalamu. Hata hivyo, kila kaya inaweza kuzingatia yafuatayo:

1. Mgonjwa apewe kazi ndogo zenye maana na azirudie mara nyingi: kushika kikombe cha plastiki, kukunja kanga, kumenya karanga.

2. Apewe muda. Asisaidiwe kabla hajajaribu.

3. Asivutwe kwa mkono dhaifu anapoinuliwa, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Anapoketi, mkono uegemezwe juu ya mto.

4. Dawa za shinikizo la damu zisikatishwe bila agizo la daktari.

Fikeni mapema katika zahanati au kituo cha afya, mkaombe rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Na mtu yeyote akipinda mdomo ghafla, akalegea mkono au akashindwa kutamka maneno, asisubiri kupambazuke: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nafuu huja polepole, lakini haiji kwa mkono uliowekwa pembeni.